Rejista ya Bolti

Nitamsema mtu huyu vizuri kadiri ninavyoweza, lakini kwanza nitoe ukweli mezani: nilimwonea wivu kwa zaidi ya miaka kumi, na hata leo haujaniisha wote. Mimi ni fundi wa magari. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Kama dunia ingekuwa na mpangilio, yeye angeheshimiwa kwa ubao wake na mimi kwa spana zangu, kila mtu akabaki na chake. Kitengela ya miaka ya tisini haikugawa vitu namna hiyo.

Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi pia, maana alinifundisha darasa la sita. Alikuwa Mkamba mwembamba mwenye shingo ndefu, na alikuwa na sweta moja ya kijivu iliyofanya kazi zote. Aliivaa darasani, aliivaa chini ya gari, na Jumapili aliivaa kanisani akiwa amefunga vifungo vyote. Ploti yake aliinunua kwa baba yangu, wakati baba alipoanza kukata shamba la huku karibu na barabara ya Namanga na nyumbu bado wanapita nyuma ya nyumba za watu. Kwa hiyo alilala mahali ambapo mimi nilichunga ndama nikiwa mdogo. Hilo lilinikera sana, ingawa hakuna aliyemlazimisha baba kuuza, na pesa za ploti hiyohiyo ndizo zilizoninunulia seti yangu ya kwanza ya spana.

Alikuwa na stesheni wagoni kuukuu, rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai. Gari hilo hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Alilifungua mwenyewe nyumbani kwake, kila sehemu kwa zamu yake, kila likizo ya shule. Agosti hii breki, Desemba hii radieta, Aprili ijayo giaboksi. Alipanga mawe ya kuchonga katika safu mbili, akalaza mbao juu yake, akalipandisha gari polepole huku mkewe, Mama Mutheu, akimwelekeza kwa mikono. Halafu aliingia chini na hatukumwona tena mpaka saa ya chai.

Namna yake ya kufanya kazi ilinichekesha mwanzoni. Alichukua katoni ya mafuta ya kupikia, akaikunjua, akachora juu yake umbo la giaboksi kwa kalamu ya wino, kisha akatoboa tundu kila mahali penye bolti. Bolti ikitoka kwenye chuma inaingia kwenye tundu lake la katoni, na kando ya tundu anaandika namba. Mafundi tunatupa bolti zote kwenye sufuria moja na kuzitambua kwa macho. Tukimaliza zikibaki mbili tatu, tunazitia mfukoni na kuondoka tukipiga mluzi. Yeye hakubakisha. Alipokuwa anarudisha giaboksi mahali pake, aliita rejista. Kweli kabisa, kama darasani.

"Namba moja."

Na mtu aliyekaa karibu na katoni alipaswa kuchomoa bolti hiyo, kumpa, na kujibu, "Yuko."

"Namba mbili."

"Yuko."

Namba isiyojibiwa ilisimamisha kazi yote. Siku moja bolti namba tisa ilipotea kwenye udongo mweusi, na aliitafuta kwa sumaku aliyoifunga kwenye kamba mpaka jioni ikaingia. Jirani mmoja alimwambia nyingine nane zinatosha kushika. Mwalimu alimjibu kwamba mtoto mmoja akikosa darasani huwezi kuandika kwamba wako wote. Kesho yake alirudi na sumaku yake. Aliipata.

Kuhusu kusema ukweli, mtu huyu alikuwa kero. Sisemi alikuwa mwaminifu, neno hilo ni dogo. Wageni walipokuja kukagua shule, wakubwa wake walitaka watoto wa shule jirani waletwe kujaza madawati. Mwalimu alisimama mbele ya wageni akasema, "Nusu ya watoto hawa siwajui majina." Alipelekwa kufundisha mbali kwa miaka miwili kwa ajili ya sentensi hiyo. Na kuna jirani aliyemwomba akiulizwa na mgeni fulani aseme hayuko. Mgeni alipofika, Mwalimu alisema, "Yuko ndani, amejificha." Jirani hakuongea naye mwaka mzima. Mimi mwenyewe alinichapa darasa la sita, si kwa sababu sikufanya hesabu, bali kwa sababu nilisema nilifanya ila mbuzi alikula daftari. Alinipeleka mpaka kwetu kumwangalia mbuzi.

Lakini msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari kupindukia. Ukienda kwake, kijiko kilikuwa kimoja na alikisawazisha kwa kidole. Tena alipenda kuombwa. Mtu akija na shida ya gari alikunja uso, akasema yeye si fundi, kwamba mafundi wako barabarani wengi, kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Aliyajua maneno hayo yote kwa moyo na hakuyamaanisha hata moja. Ukianza kugeuka kuondoka, ndipo alipouliza, "Alafu hiyo gari inalia namna gani?" Kufumba na kufumbua yuko chini yake, na hachukui pesa. Wateja wangu wangapi walipotelea uani kwake kwa sababu hiyo, sitaki hata kukumbuka.

Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba aliogopa kuendesha. Mtu aliyejua kila kokwa ya gari lile alipokaa kwenye usukani alitokwa jasho. Alienda kwa gia ya pili mpaka Isinya, lori zikimpigia honi, na Mama Mutheu akiwa ndani ya gari basi ni mama aliyeendesha. Nilipowaona wakipita mbele ya gereji yangu, mama akiwa kwenye usukani na Mwalimu ameshika mlango kwa mikono miwili, nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha niliwaza kwamba gari linanguruma vizuri kuliko lolote lililotoka mikononi mwangu, na furaha ikaniishia.

Sasa nimseme baba, maana wivu wangu haukuwa wa magari peke yake. Baba yangu alikuwa mzee wa ng'ombe. Hakuwahi kukaa kwenye gereji yangu hata dakika kumi. Alisema kuna moshi, kuna kelele, kuna vijana wanatukana. Alisimama kwenye lango, akaangalia ndani kama mtu anayeangalia duka lisilouza anachotaka, akaniuliza kama niko salama, na kuondoka. Halafu anavuka barabara, anaenda kwa Mwalimu, na huko anakaa kutwa. "Sopa, Mwalimu." "Ipa, mzee." Ndivyo walivyosalimiana. Mwalimu alikuwa amejifunza Kimaa, lugha yetu Wamaasai, kwa daftari, maneno matano kila siku, na aliyatamka vibaya, na baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi, mwanawe wa kwanza, sikumbuki kumchekesha baba hivyo hata siku moja. Nilikuwa nikisimama gereji nikisikia kicheko kile kinavuka barabara, na nikaangusha spana makusudi ili nisikisikie.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe ya kubebea mbuzi. Ikaanza kuvuja mafuta kwenye giaboksi, na kwa mara ya kwanza akaniletea mimi. Nakumbuka alivyonikabidhi ufunguo. Aliuweka kiganjani mwangu na kufunga vidole vyangu juu yake.

Sili ya mbele ilikuwa imekufa. Kitu chenyewe ni pete ya mpira ya kuzuia mafuta, isiyozidi bangili ya mtoto, lakini imekaa ndani, mahali ambapo giaboksi inaungana na injini. Kuifikia ni lazima uteremshe giaboksi yote: utoe propela, stata, nyaya, bolti zote za kuzunguka, kisha ushushe mzigo ule wa chuma juu ya jeki bila kuvunja miguu yako. Siku hiyo nilikuwa na lori la mteja wa Namanga aliyekuwa amesimama juu yangu, na mvua ilikuwa inakuja. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Chini pale kuna tundu dogo, limewekwa makusudi ili mafuta yakivuja yadondoke chini uyaone. Nililiziba. Nilichukua gundi ya silikoni ya bluu, nikaisukuma kwa kidole mpaka ikajaa, nikapangusa chuma kwa petroli, na pikapu ikaacha kudondosha. Baba alipokuja nilimwambia nimebadilisha sili.

Alienda nayo nyumbani akatandaza gunia chini yake usiku kucha. Asubuhi gunia lilikuwa kavu. Nilisikia kwamba alilionyesha kwa wazee wenzake.

Fundi yeyote atakwambia kilichofuata. Mafuta hayakuacha kuvuja, yalikosa tu pa kutokea. Yalikusanyika ndani yakaloweka klachi, na baada ya miezi michache, baba akitoka Kajiado na mbuzi kumi na wanne, pikapu ilikataa kupanda mwinuko. Injini ikaunguruma, gari likasimama. Lori la mchanga likamvuta mpaka Kitengela. Nilikuwa nimesimama langoni nilipoliona linakuja na pikapu nyuma yake, mbuzi wanalia, nikawaita vijana wafungue nafasi. Lori likapita. Baba alininyooshea fimbo kunisalimia, na akaenda kuteremshwa kwenye lango la Mwalimu.

Nilivuka barabara nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia baba nitaivuta sasa hivi, kwamba hii ni kazi ya saa chache. Hakuniangalia. "Wacha Mwalimu aangalie," akasema. "Wewe uko na kazi mingi."

Mwalimu kwa mara ya kwanza hakujifanya kukataa. Alisema Jumamosi.

Siku zile mbili kabla ya Jumamosi ndizo zilizonifunza kwamba wivu na hofu vinaweza kulala kitanda kimoja. Giaboksi ikishuka, silikoni yangu itaonekana. Na itaonekana na mtu asiyejua kudanganya, mtu aliyemchunguza mbuzi ili kuthibitisha mtoto wa miaka kumi na mbili ni mwongo. Nilifikiria kwenda kwake kumwomba. Nilifika hata kwenye lango. Lakini kumwomba yeye, yeye ambaye alikuwa tayari na kicheko cha baba, kilikuwa kitu kisichopita kooni. Nikarudi. Nilijiambia kwamba ni mwalimu wa darasa tu, ataona nini.

Jumamosi nilisimama nyuma ya mabati ya fensi yake, pale palipo na mwanya. Alikuwa ameandaa katoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, fimbo mapajani. Giaboksi ilishuka bila kishindo. Hapo mteja akaniita gereji, na niliporudi kwenye mwanya sili ya zamani ilikuwa imeshatoka na chuma kimeshapanguswa. Sili mpya aliipaka grisi mdomoni, akaigonga taratibu kwa kipande cha bomba mpaka ikakaa sawa, na klachi aliisawazisha kwa mpini wa ufagio aliouchonga ukatosha tunduni. Sikuona kosa. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote mawili na sikuliona. Kisha akaanza kurudisha bolti.

"Namba moja."

Na baba yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, mzee ambaye machifu walisimama alipoingia, akachomoa bolti kwenye katoni na kusema kwa sauti ya mtoto wa shule, "Yuko."

"Namba mbili."

"Yuko, Mwalimu."

Walifika mpaka mwisho, na kwenye ile ya mwisho wote wawili wakacheka. Nilitoka pale. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na nililia nikiwa nimeinama ndani ya boneti ya gari la mteja, nikisema ni moshi.

Nilingoja baba aje kunilaani. Wiki ikapita, kisha ya pili. Siku moja akaja na pikapu ileile, breki zinapiga kelele, akanipa mimi ufunguo. Akaomba kiti. Kiti! Akakaa ndani ya gereji, katikati ya moshi na vijana wangu, akanitazama kutoka nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Tangu siku hiyo, kila pikapu ilipohitaji kitu alileta kwangu na akakaa mpaka nimalize, miaka yote mpaka ugonjwa ulipomlaza. Nilihesabu kwamba nimeshinda. Mwalimu hakuona kitu, nilisema moyoni, na baba hatimaye amejua gereji ya mwanawe iko wapi. Nilipomwona Mwalimu barabarani nilimsalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Yeye alinijibu kama kawaida.

Baba alikufa. Mwalimu alistaafu, na Mama Mutheu alipofariki naye, alihamia Kajiado kwa binti yake ambaye ni muuguzi. Hatukuonana kwa miaka kama mitatu. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimefika mpaka kwa wachungaji, na asubuhi moja nikapigiwa na namba nisiyoijua; sauti ilikuwa ya Mwalimu.

"Lemayian. Giaboksi yangu inavuja. Njoo na sili ya mbele. Kuja peke yako."

Niseme wazi jinsi nilivyojisikia. Nilifurahi. Nilivaa ovaroli mpya. Njia yote mpaka Kajiado niliendesha nikitabasamu kama mtu aliyeitwa kupewa zawadi, kwa sababu mtu huyu ambaye hakuwahi kumhitaji fundi hatimaye alinihitaji mimi.

Nilimkuta uani kwa binti yake, kwenye kiti cha plastiki, ndani ya sweta ileile. Alikuwa amepungua sana. Alipotoa mkono kunisalimu nikaelewa kwa nini aliniita: mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, asingeweza kuingiza bolti hata kwenye tundu la ukubwa wa ngumi. Gari lilikuwa tayari limepandishwa kwenye mawe. Nikaingia chini. Nilifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote maishani mwangu, sitajificha, nilitaka anione. Giaboksi ilishuka kwenye jeki kama mtoto anavyolazwa. Nikatoa sili ya zamani, nikaileta mpaka kiganjani mwake. Aliigeuza, akaibonyeza mdomo uliokauka, akaridhika.

"Unajua kwa nini nimeita wewe?" akaniuliza.

Nilisema labda ni kwa sababu ananijua tangu darasa la sita.

"Kajiado iko na mafundi wengi. Hao siwajui. Wewe najua mahali unaweza kufika, ndio nikasema nitakaa hapa nikuangalie." Akairudisha sili ile mkononi mwangu. "Ile silikoni ya mzee ilinisumbua sana kutoa. Uliiweka mingi."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na mikono yangu imejaa mafuta.

"Mzee alikuwa amekaa hapo karibu na mimi," akaendelea. "Ikatoka yote mara moja, kipande cha bluu hivi. Akauliza ni nini. Nikamwambia hizi gari zinatoka kiwandani hivyo."

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi. Akauliza tena, kijana wangu alibadilisha sili? Nikamwambia alibadilisha, ni sili ya duka ilikuwa mbaya." Alisema maneno hayo kwa uchungu, bila kunitazama, kama mtu anayesoma alama mbaya za mwanafunzi. "Nimeishi miaka mingi, Lemayian. Huo uongo umenikalia vibaya. Sikufanya kwa sababu yako. Ni vile mzee alikuwa ananiangalia."

Nilimuuliza kama baba aliamini.

"Mtu wa kuchunga ng'ombe hiyo miaka yote hajui mtu akidanganya? Alijua. Alishika hicho kipande, akakitupa kwa nyasi, alafu akaniambia *ashe oleng*."

Asante sana. Nikakumbuka breki, na kiti alichoomba, na miaka yote ile aliyonitazama mpaka nati ya mwisho, na sasa sikujua tena kama alikuwa amekuja kukaa nami au kunichunga nisimdanganye tena. Labda yote mawili. Hakuna wa kumuuliza. Mwalimu aliniambia nisiache sili mpya kwenye vumbi, nikainama nikaichukua.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na neno hilo la asante hakuwahi kuniambia mimi, si kwa breki, si kwa kumpeleka hospitalini, si siku ya mwisho. Mara moja aliyolitamka kwa sababu yangu, alimpa Mwalimu.